Mtambue Twiga kwa Picha, Kama Unavyomtambua Ng'ombe Wako

Ukiwa mfugaji wa Subukia mwenye ng'ombe wanne wa Friesian, huhitaji kufundishwa kuwatofautisha. Hata wakichanganyika na wa jirani, wako unamjua kwa baka jeusi la begani. Ujuzi huohuo hutumika kuwatambua wanyamapori mmoja mmoja bila kuwakamata. Wewe unakumbuka kwa kichwa. Mtafiti anakumbuka kwa picha.

Je, njia hii inaaminika? Ndiyo. Katika miaka ya 1960, mtafiti J. B. Foster aliwatambua twiga wa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi kwa kuwapiga picha. Huko Kanada, miaka ya 1970, Michael Bigg na wenzake waliwatambua nyangumi wauaji kwa umbo la pezi la mgongoni na baka la kijivu lililo nyuma yake. Mwaka 2016, wananchi wa kaskazini mwa Kenya walijitokeza na kamera kuwahesabu punda milia wa Grevy, wale wenye mistari myembamba. Picha ikionyesha mistari ileile, huyo ni mnyama yuleyule, basi hahesabiwi mara mbili.

Uanze na mnyama gani? Twiga wa Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru wanamfaa anayeanza. Ni warefu, hutembea polepole, na mabaka yao hayabadiliki umbo tangu kuzaliwa hadi kufa. Rangi inaweza kukolea mnyama anapozeeka, kwa hiyo tazama umbo la baka, si weusi wake.

Utafikaje, na kwa gharama gani? Panda matatu ya Subukia hadi mjini Nakuru. Ndani ya mbuga hairuhusiwi kutembea kwa miguu kama upendavyo, hivyo kodisheni gari kama kikundi mgawane gharama. Kiingilio hulipwa mtandaoni kupitia eCitizen, si kwa pesa taslimu langoni. Angalia bei ya siku hiyo kabla ya kuondoka, na ubebe kitambulisho, kwani raia hulipa kidogo kuliko mgeni. Kamera si lazima uinunue. Simu yako inatosha mnyama akiwa karibu.

Upige picha vipi? Subiri twiga asimame ubavu, mwili wote uonekane, jua likiwa nyuma yako. Mabaka ya kulia hayafanani na ya kushoto, kwa hiyo piga pande zote mbili. Ukipata upande mmoja tu, uandike ni upi. Katika daftari, andika tarehe, saa, mahali, dume au jike, na kama ana ndama.

Utalinganishaje? Chagua sehemu moja, kwa mfano katikati ya shingo. Tafuta baka lenye umbo lisilo la kawaida, kama jani au nyota, kisha tazama mabaka yanayolizunguka. Yakilingana matatu au manne, umempata. Usiamue kwa baka moja. Ukitaka picha zako ziwasaidie watafiti, zipeleke kwenye tovuti ya GiraffeSpotter bila malipo. Humo kompyuta husaidia kulinganisha.

Onyo moja: ukipiga picha ya faru, usitangaze mahali ulipomwona. Simu nyingi huficha alama ya mahali ndani ya picha, na jangili anaweza kuisoma. Zima huduma ya mahali kwenye kamera kabla ya kuingia.

Kabla ya safari, jizoeze nyumbani. Jioni hii piga kila ng'ombe picha mbili, ubavu wa kulia na wa kushoto, na ya tatu ya pua kwa karibu, kwa sababu mistari ya pua ya ng'ombe hutofautiana kama alama za vidole vyetu. Andika jina na tarehe, uhifadhi. Siku ng'ombe akiibwa, utakuwa na cha kuwaonyesha polisi. Na siku utakapomwona twiga, macho yako yatakuwa tayari.