Nyumba ya Miti Iliyopinda Bila Kuanguka

Wengi wetu tukisikia habari za majumba ya kale ya Uingereza twafikiri mara moja juu ya mawe na matofali. Lakini katika jimbo la Cheshire iko nyumba kubwa iitwayo Little Moreton Hall, ambayo sehemu yake kubwa ni ya miti na udongo. Ukoo wa Moreton ulianza kuijenga mwanzoni mwa miaka ya 1500, na kazi ikaendelea kwa vizazi hata yapata mwaka 1610. Handaki la maji laizunguka pande zote.

Seremala wa siku hizo hakuanza na ukuta, alianza na kiunzi. Alichonga miti ya mwaloni ingali mibichi, maana ikikauka huwa migumu mno. Kila mti ulichongwa chini, kisha ukasimamishwa mahali pake. Kichwa cha boriti kilichongwa ulimi, ulimi ukaingizwa katika tundu la nguzo, halafu vyote viwili vikatobolewa na kupigiliwa kigingi cha mti. Viungo hivyo havikuhitaji misumari. Sisi tujifunzao useremala twavijua vizuri.

Nafasi baina ya nguzo zilijazwa fito, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu, kisha zikapakwa chokaa. Hapa naomba tusimame kidogo. Fito na udongo ndivyo walivyojengea babu zetu wengi, na wako wenzetu waonao haya kuvitaja. Matajiri wa Cheshire hawakuona haya.

Mzigo wote wa nyumba hiyo hubebwa na kiunzi. Udongo kazi yake ni kuzuia upepo na baridi tu. Na kiunzi hicho kilijaribiwa sana. Katika miaka ya 1560 wenyewe waliongeza juu ya upande wa kusini ukumbi mrefu wa futi 68 hivi, wapate kutembea humo siku za mvua. Paa lake waliliezeka kwa vibao vizito vya mawe. Nguzo za chini hazikupangiwa mzigo huo, zikapinda, hata sakafu zikawa na mawimbi na kuta zikainama. Hata hivyo nyumba haikuanguka. Ukuta wa matofali ungalipasuka, lakini viungo vya mti hulegea kidogo na kugawana uzito.

Seremala Richard Dale aliandika jina lake juu ya madirisha aliyoyatengeneza mwaka 1559, akisema kwamba ameyafanya kwa neema ya Mungu. Tangu 1938 nyumba hiyo imo katika ulinzi wa National Trust, nayo ingali imesimama, imepinda vivyo hivyo.

Basi, mwenzangu, ujengapo kwa udongo au kwa saruji, chunguza kwanza viungo na nguzo. Ukitamani kuongeza ghorofa, jiulize kama nguzo za chini zaweza kuibeba.