Volkano kwa Wabajuni?

Swali: Msomaji na mkewe wanataka kutalii kisiwa cha volkano. Je, visiwa vya Wabajuni, kusini mwa Kismayo, vinafaa?

Jibu: Volkano huko hakuna. Koyama, Chovai na Chula ni visiwa vya matumbawe, vimejipanga kando ya pwani kuelekea Ras Kiamboni. Magofu ya misikiti na makaburi ya kale yangewashughulisha siku nzima, ila usalama hauruhusu. Wabajuni wengi walikimbilia Kenya baada ya serikali ya Somalia kuanguka 1991, na Al-Shabaab, ingawa ilitimuliwa Kismayo 2012, bado ina nguvu bara.

Wakiutaka Ubajuni, Faza ipo kisiwani Pate, kwa boti kutoka Lamu. Waulizie hali kwanza.

Wakiutaka moto, basi Ngazija, kisiwa cha Komoro. Mlima Karthala, mita 2,361, ulilipuka 2005, na kuupanda kwadai kiongozi mwenyeji, maji mengi na magoti yasiyolalamika.