Joto la Mazingira na Kinga ya Mwili: Somo Kutoka kwa Mjusi

Asubuhi za Juni na Julai, baridi inapotanda Chang'ombe, mijusi huonekana wamejilaza juu ya mawe na kuta zinazoelekea jua. Mmoja wa mijusi wa mawe wa nyanda zetu, Agama dodomae, alipewa na wanasayansi jina linalotokana na Dodoma mwaka 2014. Watoto huwarushia mawe, watu wazima huwapita bila kuwatazama. Hata hivyo, kuota jua kwa mjusi si uvivu. Ni njia yake ya kuuwezesha mwili kufanya kazi, ikiwamo kazi ya kupambana na maradhi.

Joto linavyoitawala kinga

Binadamu hutengeneza joto lake kutokana na chakula, na ubongo hulidhibiti lisiende mbali na nyuzi 37 za Selsiasi. Reptilia, yaani mjusi, nyoka, kobe na mamba, hutegemea zaidi joto la nje. Mwili wake ukipoa, vimeng'enya hufanya kazi polepole, seli nyeupe za damu huchelewa kuwafikia na kuwameza vijidudu, na kingamwili hutengenezwa kwa kusuasua. Ndiyo maana reptilia anayefugwa mahali pa baridi, asipopata pa kuota jua, huugua mapafu na kinywa kwa urahisi. Joto likizidi kiwango cha spishi yake, nalo humdhuru.

Mjusi anapougua

Katika miaka ya 1970, Matthew Kluger na wenzake nchini Marekani walimchunguza mjusi wa jangwani aitwaye Dipsosaurus dorsalis. Mjusi huyu akiwa mzima hupendelea joto la nyuzi 38 hivi. Alipodungwa bakteria, alihamia sehemu yenye joto zaidi, na mwili wake ukapanda kwa takribani nyuzi 2. Alikuwa amejitafutia homa kwa miguu yake.

Mwaka 1975 watafiti hao walitoa matokeo ya jaribio la pili. Mijusi walioambukizwa waliwekwa katika viwango mbalimbali vya joto, kuanzia nyuzi 34 hadi 42. Waliokaa kwenye nyuzi 40 na 42 walinusurika kwa wingi kuliko waliokaa kwenye nyuzi 34. Mwaka uliofuata, baadhi ya wagonjwa walipewa salisilati, dawa ya jamii ya aspirini. Wale ambao dawa iliwazuia kupata homa walikufa.

Maana yake kwa mgonjwa wa homa

Matokeo haya yanatufundisha kwamba homa ni silaha ya kale ya mwili. Hayatufundishi kumfunika mtoto mwenye homa kwa mablanketi wala kumnyima dawa ya kutuliza. Binadamu si mjusi: joto lake hupanda kwa amri ya ubongo, na parasetamoli kwa kipimo sahihi humpunguzia maumivu na kumwezesha kunywa na kula. Aspirini asipewe mtoto bila maelekezo ya daktari.

Kosa lililo hatari ni jingine. Mara nyingi mzazi husema, "Nilimpa panadoli, joto likashuka, nikajua amepona." Dawa hiyo imeshusha joto tu. Vimelea vya malaria au bakteria wa nimonia bado wamo mwilini. Kila mtoto mwenye homa afikishwe kituoni, apimwe malaria, na chanzo cha homa kitafutwe. Akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, au akilegea na kupoteza fahamu, apelekwe mara moja, hata kama ni usiku.

Mtoto mchanga na baridi

Yupo binadamu mmoja anayemkaribia mjusi kwa kutegemea joto la nje: mtoto mchanga, hasa njiti. Hana mafuta ya kutosha mwilini na hupoteza joto upesi. Usiku wa Julai hapa Dodoma joto huweza kushuka hadi nyuzi 13 hivi, nao huo ni mtihani mkubwa kwake. Joto lake linapaswa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Mtoto mchanga mwenye maambukizi makali huenda asipate homa kabisa, bali akapoa. Mhudumu wa afya akisoma nyuzi 38 au zaidi, au chini ya 35.5, achukulie kuwa ni dalili ya hatari na atoe rufaa bila kuchelewa.

Kinga yake ni rahisi: akaushwe mara anapozaliwa, awekwe kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, avikwe kofia, anyonyeshwe mapema, na asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita.

Hitimisho

Mjusi huokolewa na jiwe lililopashwa na jua. Mtoto mchanga jiwe lake ni kifua cha mama. Kwa mtoto mkubwa na mtu mzima, homa ni taarifa kwamba vita vimeanza mwilini. Tumpunguzie mgonjwa mateso, lakini tusiache kumtafuta adui.