Somo la Kilimo: Kutibu Udongo wa Kitalu kwa Jua na Samadi

Mkulima wa nyanya hapa Singida akipoteza miche kwa kinyausi, msimu umeharibika. Vimelea vya kinyausi na minyoo fundo hukaa udongoni. Kubadili mbegu pekee hakutoshi. Njia ya kufunika udongo juani ilielezwa na Jaacov Katan na wenzake, Israeli, mwaka 1976. Kwetu ifanyike Septemba na Oktoba, kabla ya mvua.

1. Lima kitalu, vunja mabonge, changanya samadi ya kuku au mabaki ya kabichi.
2. Mwagilia hadi udongo ulowe. Unyevu husaidia joto kupenya.
3. Funika kwa nailoni angavu, si nyeusi. Fukia kingo zote.
4. Acha wiki 4 hadi 6.
5. Funua, subiri wiki 2, kisha sia bila kuchimbua chini, ambako vimelea hubaki.

Samadi ikioza hutoa amonia. Nailoni huizuia isitoke, nayo husaidiana na joto kuua vimelea.

Nailoni ni ghali na maji ni haba, hivyo tunashauri kuanza na kitalu tu. Lakini miche safi ikihamishiwa shamba lenye ugonjwa itaugua. Kamati zihimize pia mzunguko wa mazao.