FUNDISHO LA KOMPYUTA: TUSISEME « NDIYO » MBELE YA KUJARIBU

Safari hii tunasoma jambo ambalo watengenezaji wengi wa programu za telefone wanaliruka. Ni matangazo yanayoonyesha kama kipofu, kiziwi ao mtu wa macho mazaifu anaweza kutumia programu fulani. Kwa yule asiyeona si jambo dogo. Anahesabu mega zake, anazilipa, anapakua programu. Kisha sauti ya telefone inamuambia tu: « kitufe, kitufe, kitufe ». Kitufe cha nini? Feza imekwenda bure.

1. Tangazo ni kitu gani?

Katika mwezi wa tano 2025, kampuni Apple ya Marekani ilijulisha kwamba ukurasa wa programu katika duka lake App Store utabeba alama za namna hii. Ziko tisa: VoiceOver, ni kusema sauti inayosoma skrini, kuongoza telefone kwa kusema, maandishi makubwa, tofauti ya kutosha kati ya rangi, skrini ya giza, kutofautisha vitu bila kutegemea rangi peke yake, kupunguza mwendo wa picha, maandishi chini ya video, na sauti inayoeleza yale yanayoonekana katika video.

Kila alama inajibiwa ndiyo ao hapana, tena kwa kila aina ya chombo: iPhone mbali, iPad mbali, saa mbali. Kanuni ni moja: tunajibu ndiyo kama mtu anaweza kumaliza kazi zote za kawaida za programu kwa msaada ule. Nusu ya kazi haitoshi.

2. Juu ya nini kutumia API?

Mtu anaweza kujaza majibu kwa mkono katika App Store Connect. Lakini mwenye programu kumi, kila moja kwa vyombo vitatu, ana matangazo 30. Atachoka, na mwenye kuchoka anakosea. API ni mlango ambao kompyuta yetu inapitia kwa kusema na kompyuta ya duka, bila kubonyeza kila mahali.

3. Hatua

a) Ufunguo. Tunautengeneza katika App Store Connect. Unapakuliwa mara moja tu. Ukipotea, inaombwa kutengeneza mwingine. Tusiuandike mahali wote wanasoma. Kwa ufunguo huu tunatia sahihi tokeni, ambayo kwa kawaida haipiti dakika 20.

b) Kusoma kwanza. Tunatuma GET, tunaona matangazo yaliyoko na hali yao: DRAFT ni yale yasiyotolewa bado, PUBLISHED ni yale watu wanayoyaona, REPLACED ni yale yaliyoachia mengine nafasi.

c) Kuandika. Kama hakuna tangazo kwa chombo kile, tunatuma POST. Kama iko moja katika DRAFT, tunatuma PATCH na namba yake, na majibu yanayobadilika tu, mfano supportsVoiceover: true. Yale tusiyotaja yanabaki vile yalivyokuwa.

d) Kutoa. Tunatuma PATCH nyingine yenye publish: true. Hatua hii tusiiharakishe, kwa sababu sasa wote wataona.

e) Kusoma tena, kwa kuhakikisha.

Seva ikijibu 401, tokeni haifai ao imepita wakati wake. Ikijibu 200, imepokea maandishi yetu. Tuangalie vizuri hapa: 200 haisemi kwamba programu inasaidia kipofu. Seva haikuijaribu. Inaandika tu neno letu.

4. Kosa letu wenyewe

Katika zoezi tulichukua programu ndogo ya kuandika pointi za mitihani. Tukajaza karatasi: ndiyo, ndiyo, ndiyo, mara tisa. Kisha mwenzetu mmoja alifungwa macho na kitambaa, VoiceOver ikawashwa. Alifungua, alichagua darasa, akaandika pointi. Lakini kwa kuhifazi hakupata njia: kitufe kile hakikuwa na jina. Tulicheka kidogo, kisha tukanyamaza. Tulifuta « ndiyo » ile. Hata ile ya video tulifuta, maana programu haina video hata moja!

Tulijifunza basi: kwanza kujaribu, kisha kutengeneza, kisha kujaribu tena, na API nyuma kabisa. Chombo cha upesi kinapeleka kweli upesi. Na uongo vilevile.

MASWALI

1. Programu imejaribiwa ku iPhone tu. Tunaweza kujibu ndiyo kwa iPad? Eleza.
2. PATCH yetu imetaja jibu moja. Majibu mengine nane yatakuwa namna gani?
3. Fungeni macho, mtu mmoja mmoja, mujaribu kutuma ujumbe kwa sauti ya telefone. Muandike mahali mulikwama.