Dondoo muhimu: Hisabati ya kukuvusha fizikia ya chuo

- Imarisha aljebra na trigonometria kwanza. Wengi hukwama kwenye mekanika kwa kushindwa kupanga upya mlinganyo, si kwa kutoelewa nguvu.
- Fuata mpangilio: kalkulasi, vekta, namba changamano, matriksi, kisha milinganyo ya difrensho. Kanuni ya pili ya Newton ni mlinganyo wa aina hiyo.
- Unganisha hesabu na mwendo. Tafuta difrensho ya x = ½at² kwa muda: unapata kasi, v = at. Rudia: unapata mchapuko, a.
- Kagua vizio. Umbali ukitoka kwa sekunde, kuna hatua umekosea.
- Funga kitabu, kokotoa mfano upya. Kusoma jibu la mwenzio si kujua njia.