Kuteua Makayamba na Ala Nyingine Ndogo za Bendi ya Shule

Katika bendi ya shule ya msingi ngoma ndiyo isikikayo mbali, lakini ala ndogo, yaani kayamba, manyanga, njuga na tari, ndizo ziwafundishazo watoto wengi kushika mapigo. Fedha ya shule ni haba. Kwa hiyo mwalimu asinunue kwa kutazama rangi. Kayamba la kupambia ukuta wa mgeni si lazima lifae kuchezwa.

Lishike bapa kwa mikono miwili, ulitikise, kisha ulisimamishe ghafla. Lililo zuri hulia mara moja na kunyamaza mara moja. Lililojazwa mno huchelewa, na darasa zima litachelewa nalo. Kwa walimu wa Kipawa, jirani na uwanja wa ndege, jaribio hili na lingoje ndege ipite!

Kisha kagua kamba zilizofunga matete. Hili si jambo la muziki tu. Makayamba mengine hutiwa mbegu za mtipitipi, nyekundu zenye doa jeusi, ambazo ni sumu kali zikitafunwa; mtoto wa darasa la kwanza aiokotapo moja iliyodondoka atadhani ni ushanga. Muulize fundi ametia nini ndani. Asipojua, usinunue. Punje za mahindi hazina sumu, ila hubunguliwa na fukusi.

Manyanga yapimwe vivyo hivyo. Tari la ngozi hulegea kwa unyevu wa pwani, basi lianikwe juani kidogo kabla ya kupigwa.